Mtakatifu Louis Martin, baba aliyesindikiza mabinti zake



Leo nataka niwasimulie habari za mzee mmoja wa Ufaransa, fundi saa. Lakini kabla sijafika kwake naomba nipitie nyumbani kwetu kwanza, maana bila hivyo mtajiuliza kwa nini nimemng'ang'ania huyu wakati kalenda ina watakatifu wengi.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa falsafa, baba yangu alianguka shambani. Sisi ni wakulima wa kahawa, huko Mbinga, na siku hiyo alikuwa anapalilia. Presha ilipanda. Nikapewa ruhusa ya siku tatu, nikaenda. Pale hospitalini, nje ya wodi, shangazi yangu akanivuta pembeni akaniambia, taratibu tu, bila hasira, kwamba mzee anaumwa mawazo. Mtoto wa kiume ni mmoja, na huyo mmoja ndiye anataka kuwa padri. Nani ataleta wajukuu wa ukoo, nani atabaki na ile mikahawa. Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwangusha baba. Alizunguka zunguka hapo tu, halafu akaenda kununua maji.

Nilirudi seminarini na maneno yale, nikakaa nayo miezi bila kumwambia mtu, hata padri mlezi wangu. Nilikuwa nahudhuria vipindi, najibu maswali kuhusu Aristotle, usiku nahesabu: kama ningebaki nyumbani, je, asingeanguka? Halafu siku moja maktaba, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kuhusu Teresa wa Mtoto Yesu, nikakutana na habari za baba yake. Nikasoma nimesimama mpaka kengele ya masifu ya jioni ikagonga.

Binti yake mnamfahamu. Picha yake akiwa amebeba msalaba na mawaridi iko karibu kila parokia, na kwaya ngapi zina jina lake. Baba yake wengi wetu tunamjua kwa kupita tu, kama mtu wa kwenye hadithi ya binti. Kumbe naye ni mtakatifu, yeye pamoja na mke wake Zélie. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015, na sikukuu yao ni 12 Julai.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux, 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kuhamahama, mwishowe familia ikatulia Alençon, mji mdogo wa Normandia. Louis akajifunza ufundi wa saa. Ni kazi ya mtu mtulivu, na yeye alikuwa hivyo hasa: anapenda kimya, kusoma, kutembea peke yake, kuvua samaki. Akiwa na miaka 22 alisafiri hadi milima ya Alpi, kwenye ile monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu ambako watawa waliwaokoa wasafiri waliopotea kwenye theluji. Akaomba kupokelewa. Wakamuuliza kama anajua Kilatini. Hajui. Wakamwambia arudi nyumbani akasome kwanza. Akarudi, akalipia masomo ya Kilatini, akahangaika nayo, mwisho akaacha. (Ninyi mnaoteseka na Kilatini mwaka wa kwanza, mwombezi wenu huyu hapa.)

Akafungua duka lake la saa Alençon. Na katika mji huohuo kulikuwa na binti anaitwa Zélie Guérin, fundi wa lesi, zile lesi maarufu za Alençon zinazoshonwa kwa sindano na kuuzwa bei kubwa. Naye alikuwa ameomba kuingia utawa akakataliwa. Walioana usiku wa manane kuamkia 13 Julai 1858. Watu wawili ambao milango ya utawa ilifungwa mbele yao, wakajenga nyumba moja.

Hapa nilifikiri nimeshamwelewa. Nikajisemea: aah, basi kwa huyu ilikuwa rahisi! Mtu aliyetaka umonaki akakosa, watoto wake wakienda utawani si anafurahi tu, anapata kwa watoto alichokikosa mwenyewe. Baba yangu hakuwahi kuota upadri, yeye aliota mjukuu. Kwa hiyo mfano haulingani. Nilikuwa nimeharakisha, kama mwanafunzi wa falsafa anavyoharakisha.

Louis na Zélie walizaa watoto tisa. Wanne walikufa wadogo. Kati ya hao wanne, wawili walikuwa wa kiume, na wote wawili waliitwa Joseph. Wazazi walikuwa wanamwomba Mungu mtoto wa kiume atakayekuwa padri mmisionari. Joseph wa kwanza akafa kabla ya kutimiza mwaka. Wakamwomba tena, akazaliwa Joseph wa pili, naye akafa kabla ya kutimiza mwaka. Walibaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na mdogo wao Teresa. Halafu Zélie akaugua saratani ya matiti, akafariki 28 Agosti 1877. Marie alikuwa na miaka 17. Teresa alikuwa na miaka minne na nusu.

Louis alikuwa na miaka 54. Alençon ndiko kulikokuwa na marafiki zake, mama yake mzee, mto wake wa kuvulia samaki, na makaburi ya mke wake na watoto wanne. Lakini kaka wa Zélie, mfamasia Isidore Guérin, alikuwa anaishi Lisieux pamoja na mke wake, na ilionekana mabinti wanahitaji kuwa karibu na mtu wa kuwalea kama mama. Basi mzee akafunga mizigo. Novemba 1877 familia ikahamia Lisieux, kwenye nyumba yenye bustani inayoitwa Les Buissonnets. Watu wanapohesabu sadaka za Louis Martin huanza na binti wa kwanza aliyeingia utawani. Mimi naanza na kuhama huku. Alikuwa mtu wa mazoea, na mazoea yake yote aliyaacha kwa ajili ya watoto.

Basi nyumba ile ikawa nyumba ya baba na mabinti watano. Kila mmoja alimpa jina lake la kubembeleza: Marie almasi, Pauline lulu, Teresa malkia wake mdogo. Mchana anatembea na Teresa mjini, wanaingia kanisani kusalimu Ekaristi, wanarudi. Jioni wanakaa pamoja, wanasoma kwa sauti, wanasali. Ni maisha ya kawaida kabisa na hakuna muujiza hapo. Nataka mwione tu ile nyumba ilivyojaa, ili muelewe ilivyoanza kutoka mtu mmojammoja.

Wa kwanza alikuwa Pauline. Oktoba 1882 aliingia monasteri ya Wakarmeli, palepale Lisieux. Msidhani kwa kuwa ni mji mmoja basi ni jirani. Wakarmeli wale hawatoki. Ukienda kumtembelea unakaa chumba cha wageni, kati yako na yeye kuna dirisha la vyuma. Ukitaka kumshika mkono binti yako, huwezi. Louis alimruhusu, na hakumficha hali yake: alimfahamisha kwamba anafurahi kumtoa kwa Mungu, na kwamba furaha hiyo haiondoi maumivu ya kuachana. Asubuhi ya siku yenyewe akamsindikiza mpaka mlangoni.

Wa pili alikuwa Marie, mkubwa. Kwa huyu Louis alishtuka kabisa. Tangu mama afariki, na zaidi baada ya Pauline kuondoka, Marie ndiye aliyeshika nyumba. Mzee alikuwa ameshapiga hesabu zake kwamba huyu atabaki. Marie alipomwambia, baba alilia, na alimwambia wazi kwamba hakutegemea kama yeye angemwacha. Mimi napenda sana kwamba jambo hili limehifadhiwa. Yaani mtakatifu naye alikuwa na mtoto mmoja ambaye moyoni alijiambia: huyu hapana, huyu ni wangu. Akamruhusu akiwa analia, na tarehe 15 Oktoba 1886 Marie akaingia Karmeli.

Na wiki moja tu kabla ya hapo lilikuwa limetokea la Léonie. Naomba tukae kidogo kwa Léonie, kwa sababu wahubiri wengi wanamruka. Alikuwa mtoto wa tatu, mgumu kulea, mwenye ugonjwa wa ngozi, aliyeshindwa shuleni na kuwapa wazazi wasiwasi kwa miaka. Familia ilikwenda Alençon kuzuru kaburi la mama, na huko Léonie akabisha hodi kwa Watawa Waklara, akaomba kuingia, akaingia siku ileile bila maandalizi yoyote. Dada zake walikasirika. Baba alimruhusu. Kabla miezi miwili haijaisha Léonie akarudi nyumbani, afya imeshindwa. Baba akampokea. Julai 1887 akajaribu tena, safari hii kwa Watawa wa Bikira Maria Kumtembelea Elizabeti, mjini Caen. Baba akamruhusu tena. Januari 1888 akarudi tena. Baba akampokea tena.

Kwetu ninyi mnajua mtoto aliyetoka seminari au aliyerudi kutoka nyumba ya malezi ya masista anavyopokelewa. Majirani wanakuja kusalimia huku macho yanauliza. Wengine hata nyumbani hawarudi, wanapitiliza mjini kwa sababu ya aibu. Katika yote niliyosoma sijaona mahali Louis anamdharau Léonie au kumkatalia asijaribu tena. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hawakutuambia kitu kuhusu kumwachia mtoto aende, akirudi umfungulie, akitaka kwenda tena umtafutie sanduku. Léonie alijaribu mara nne kwa jumla. Mara ya nne, mwaka 1899, baba akiwa ameshafariki, aliingia Caen na hakutoka tena mpaka kifo chake mwaka 1941.

Sasa Teresa.

Tarehe 1 Mei 1887 Louis alipata kiharusi cha kwanza, upande mmoja wa mwili ukapooza, kisha akapata nafuu. Tafadhali ishikeni tarehe hiyo, nitairudia. Wiki nne baadaye, Jumapili ya Pentekoste, 29 Mei, alikuwa amekaa bustanini jioni. Teresa akaja na machozi. Alikuwa na miaka 14. Akamweleza kwamba anataka kuingia Karmeli. Baba akasema bado ni mdogo mno, na nani angembishia hapo? Wakatembea pamoja bustanini, binti anajieleza, baba anasikiliza, na kabla hawajamaliza kutembea alikuwa ameshakubali. Halafu akaenda kwenye ukuta mfupi, akang'oa ua dogo jeupe, akampa, akamweleza jinsi Mungu alivyolichipusha na kulitunza. Teresa aliliangalia akaona limetoka na mizizi yake yote. Alilihifadhi ndani ya kitabu chake cha Kumfuasa Kristo.

Wengi wakihubiri habari hii wanaishia kwenye ua. Mimi kinachonishangaza ni miezi iliyofuata. Padri msimamizi wa monasteri alikataa katakata, mtoto ni mdogo, asubiri miaka 21. Hapo baba angeweza kushukuru kimoyomoyo. Angesema, mwanangu umeona, mimi sijakuzuia, Kanisa ndilo limesema subiri. Ni mlango mzuri kabisa wa kutokea, na mimi ningeutumia. Louis hakuutumia. Alimchukua Teresa mpaka Bayeux kwa askofu, siku ya mvua kubwa, na Teresa kafunga nywele juu ili aonekane mtu mzima. Msaidizi wa askofu alishangaa kuona baba ana hamu ya kumtoa mtoto sawasawa na mtoto alivyo na hamu ya kujitoa. Jibu halikupatikana. Basi Novemba baba akampeleka mpaka Roma, na kule, mbele ya Papa Leo XIII, tarehe 20 Novemba, Teresa akaomba mwenyewe ruhusa. Papa akamjibu kwa upole kwamba ataingia kama Mungu anataka, walinzi wakamwinua wakamtoa nje analia. Baba ndiye aliyembembeleza.

Huyu ni mzee wa miaka 64 aliyekuwa na kiharusi miezi sita nyuma. Alisafiri kutoka Normandia mpaka Roma akimsaidia mtoto wake wa mwisho apate ruhusa ya kumwacha.

Teresa aliingia tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Mlangoni alipiga magoti kuomba baraka ya baba. Louis naye akapiga magoti, akambariki huku analia. Kisha mlango ukafungwa, wakarudi Les Buissonnets yeye na Céline, na Léonie aliyekuwa amesharudi kutoka Caen. Baada ya hapo alikuwa akivua samaki anawapelekea kule monasterini. Mabinti watatu wako ndani, baba anapita na samaki. Aliwaacha waende, lakini hakuacha kuwa baba yao.

Céline alikuwa mchoraji mzuri, na Louis alitaka kumpeleka Paris akajifunze zaidi. Juni 1888 alipomwambia mpango huo, Céline akamjibu kwamba hapendi kwenda Paris, kwani naye moyo wake uko utawani. Yaani mzee hata miezi mitatu hajapumzika tangu Teresa aondoke! Aliipokea habari ile kwa shukrani, akamwalika Céline waende pamoja mbele ya Ekaristi kumshukuru Mungu.

Siku chache baadaye akatoweka. Asubuhi moja hayupo, hakuna anayejua alipo. Walimtafuta siku nne, wakampata mji wa bandari wa Le Havre, akili imechanganyikiwa, anataka kwenda mbali akaishi peke yake kama mkaapweke. Ugonjwa wa mishipa ya ubongo ulikuwa umeanza kumshika. Januari 1889 alipata nafuu ya kutosha kumsindikiza Teresa siku ya kuvaa mavazi ya kitawa, akaingia naye kanisani wameshikana mikono. Mwezi uliofuata, 12 Februari 1889, walilazimika kumpeleka Caen, hospitali ya Bon Sauveur, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu.

Na hapa, wapendwa, ndipo niliposimama pale maktaba nikasahau kukaa. Kwa sababu Lisieux ilianza kusema. Mji mdogo ni mji mdogo, uwe Normandia au Mbinga. Watu walisema mzee Martin amechanganyikiwa kwa sababu ya mabinti zake. Wamemwacha mmojammoja, na hasa yule wa mwisho, kipenzi chake, kaingia angali mtoto, ndiye aliyemmaliza. Maneno hayo yakawafikia wenyewe, nyuma ya ukuta. Walikuwa watatu mle ndani, hawawezi kutoka hata kumwona mgonjwa.

Hebu mfikirieni Teresa. Ana miaka 16. Usiku amelala kwenye chumba chake cha baridi, anajua baba yake amefungiwa na wagonjwa wa akili, na mji mzima unasema ni yeye.

Kwenye somo la mantiki tunafundishwa kosa moja la zamani sana: kitu kikitokea baada ya kingine, mtu anadhani cha kwanza ndicho kilichosababisha cha pili. Jogoo anawika, jua linachomoza. Sasa rudini kwenye ile tarehe. Kiharusi cha kwanza kilikuja 1 Mei 1887. Teresa aliomba ruhusa 29 Mei. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia mwilini kabla malkia mdogo hajafungua mdomo. Nilifurahi mno kuigundua tarehe hiyo, nikajiona nimeshinda kesi. Halafu furaha ikapungua, kwa sababu Pauline na Marie walikuwa wameshaondoka kabla ya kiharusi, na mantiki haijawahi kumtuliza mtu saa nane za usiku. Wala mabinti wale hawakujitetea kwa tarehe. Teresa aliyaita mateso ya baba yake utajiri wa familia. Mimi sijafika huko. Nasema tu kwamba yeye alifika, na alifika akiwa na maneno yaleyale ya shangazi masikioni.

Kule Caen, akili ya Louis ilikuwa inakuja na kuondoka. Zilipokuwepo, alijua yuko wapi. Aliwaeleza wauguzi kwamba amezoea kuamuru na sasa anajifunza kutii, na kwamba maisha yake hayakuwa na udhalilishaji, huenda alikuwa anauhitaji. Ilifika siku akatakiwa kutia sahihi karatasi ya kuacha usimamizi wa mali yake. Alitia, akalia, akiona kana kwamba watoto wamemtelekeza. Sipendi kuruka sehemu hiyo. Mtu aliyetoa watoto kwa hiari yake, siku moja katika ugonjwa alijisikia ametupwa nao. Hakuwa ametupwa. Céline na Léonie walikuwa wamehamia Caen kwa muda ili wawe karibu naye, wakiruhusiwa kumwona kwa nadra.

Mei 1892 miguu ilikuwa imepooza, hakuweza tena kutoroka, ikaonekana anaweza kurudi nyumbani. Akarudishwa Lisieux tarehe 10. Tarehe 12 wakambeba mpaka Karmeli. Chumba kilekile cha wageni, dirisha lilelile la vyuma. Upande mmoja mzee asiyeweza kusema vizuri, upande wa pili Marie, Pauline na Teresa, ambao hawakuwa wamemwona kwa zaidi ya miaka mitatu. Wakati wa kuagana alinyanyua kidole akaonyesha juu, macho yamejaa machozi, akajitahidi kuwaambia kwamba watakutana mbinguni. Wale watatu hawakumwona tena.

Céline alimuuguza miaka miwili iliyobaki, Léonie akisaidia mpaka alipokwenda kujaribu tena Caen. Louis alifariki asubuhi ya Jumapili, 29 Julai 1894, akiwa na miaka 70, Céline yuko pembeni ya kitanda. Wiki saba baadaye, 14 Septemba, Céline akafunga nyumba akaingia Karmeli kwa dada zake. Alichukua na kamera yake, na ndiyo sababu leo tuna picha nyingi za Teresa. Na yule mtoto wa kiume mmisionari waliyemwomba mara mbili wakamzika mara mbili? Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza Teresa, ambaye hakutoka nje ya ukuta wake, kuwa msimamizi wa misioni duniani kote.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba habari hizi. Tulikuwa tunachambua kahawa kwenye kichanja. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimepanga nitakavyoingia kwenye suala letu kupitia kwa Louis. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Akauliza mambo mawili tu: aliyebaki naye mwishoni ni binti yupi, na wale samaki alikuwa anawavua mwenyewe au ananunua. Nikamjibu. Akaendelea kuchambua. Hotuba yangu ikaishia hapo.

Lakini nikakumbuka kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakisoma vibaya. Siku niliyoondoka nyumbani mara ya kwanza kwenda seminari, baba alifunga sanduku langu nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka stendi, zaidi ya saa nzima, hatusemi kitu. Alimlipa kondakta nauli mwenyewe, akaweka sanduku kwenye buti kwa mkono wake, akageuza baiskeli akaondoka kabla basi halijawaka. Mimi nilikaa dirishani nikijua amenikasirikia.

Siku ya kurudi, likizo hii, daktari alishamkataza kutembea umbali ule na mizigo. Alikodi bodaboda mbili.

Wiki tatu baadaye gombera aliniita. Kwenye baraza la ofisi yake palikuwa na gunia la maharage limekuja na basi, limeshonwa kwa uzi wa nailoni, jina langu limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene ya wino. Mwandiko wa baba naujua. Mbele ya jina ameandika neno frateri, ambalo hajawahi kuniita hata siku moja. Nikalibeba mpaka jikoni, na wiki ile yote tulikula maharage ya Mbinga.